Mafua Yakiingia Mjini: Kuchanja Nyumba Nzima, Kuchanja Wachache, au Kungoja?

Huhitaji tangazo la redio kujua kwamba mafua yameingia Lamu. Panda boti ya abiria ya asubuhi kutoka Mokowe, usikilize tu. Wa mbele anakohoa, wa nyuma anampokea, na mtoto aliyepakatwa katikati anafuta kamasi kwenye buibui la mamake. Mpaka kufika gatini watu wameshagawana. Siku tatu baadaye mikeka ya madrasa ina mapengo, na barazani swali ni moja: wako umewachanja?

Nyumbani kwetu Langoni tuko wanane. Mama mkwe ana sukari. Wifi wakati ule alikuwa na mimba ya miezi sita. Shemeji, mdogo wake mume wangu, anafanya kazi hotelini Shela na hushika mizigo ya wageni wa kila pembe ya dunia. Kisha mume wangu, mimi, na wanangu watatu: wa miaka minane, wa miaka mitatu, na wa miezi minne. Mafua yalipoingia tulibishana siku mbili nzima. Mama mkwe akasema ni pepo za kusi, zitapita. Mume wangu akasema ama tuchanjwe sote ama asichanjwe mtu, asije mmoja akaonekana bora kuliko mwenziwe. Mimi niliposhika kalamu na karatasi ndipo nikaona kwamba swali lenyewe tulikuwa tumelikosea. Nyumba haina kifua kimoja. Kinachomfaa mama mkwe hakiwezekani kabisa kwa mtoto wa miezi minne, na pesa zilizoko, pamoja na siku zilizobaki kabla ugonjwa haujabisha hodi, hazitoshi kumhesabu kila mtu sawa.

Njia zenyewe ni tatu: kuchanja wote, kuchagua wachache, au kungoja huku mkijikinga kwa mnachokijua. Nitazipima kwa jinsi tulivyozipima sisi.

Homa ipi kwanza?

Huku kwetu neno "homa" limebebeshwa mizigo mingi. Mmoja akisema ana homa, mwili unachemka. Mwingine ana kamasi tu. Chanjo tunayoizungumzia ni ya virusi vya influenza, aina ya A na B, basi. Haizuii mafua madogo ya kila siku, haizuii malaria, haizuii dengi. Wenye umri wanaukumbuka mwaka 2004, chikungunya ilipowaangusha wengi mno katika mji wa Lamu, watu wazima wakitembea wamejikunja kwa maumivu ya viungo. Ile ililetwa na mbu, na sindano ya mafua isingemfaa mtu.

Influenza humkamata mtu kwa ghafla. Adhuhuri alikuwa mzima, magharibi amelala: joto, kichwa, misuli yote inauma, kikohozi kikavu. Mafua madogo huja polepole na huanzia puani. Hata hivyo usijiaminie kupambanua kwa macho. Mtoto mwenye joto jingi hapa Pwani apimwe malaria hata kama mtaa mzima unakohoa, kwa sababu mlipuko wa mafua haumpi mbu likizo.

Wengi huugua wiki moja wakainuka, na ndiyo maana ugonjwa huu unadharauliwa. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka influenza huua kwa matatizo ya kupumua watu kati ya 290,000 na 650,000. Wanaolemewa zaidi wanajulikana: watoto wadogo, wazee, wajawazito, na wenye maradhi ya muda mrefu kama sukari, pumu, moyo na figo. Nilipoisoma orodha hiyo niliona kama mtu ameingia sebuleni kwetu akahesabu watu.

Kalenda inaamua kuliko ubishi

Hapa ndipo nilipotumia karatasi nyingi. Chanjo haikingi siku unayodungwa. Mwili huhitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Virusi navyo vina mwendo wao: kutoka kuambukizwa hadi kuugua ni siku moja mpaka nne, na mgonjwa huanza kuambukiza wenzake siku moja hivi kabla hajajijua kuwa mgonjwa. Kwa hiyo chanjo iliyochomwa wakati mlipuko umeshaanza ni mbio, na ni lazima uone nani anaweza kufika kwa wakati.

Mtu mzima hudungwa mara moja, na siku ya 14 hivi amekwisha kupata kinga yake. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 8, kama hajawahi kuchanjwa mafua, anahitaji dozi mbili zilizoachana kwa angalau wiki nne. Piga hesabu: dozi ya kwanza leo, ya pili siku ya 28, kisha wiki mbili nyingine. Siku ya 42. Mlipuko unaweza kuwa umeshapita ukaelekea Mombasa.

Nambari hizo mbili, 14 na 42, zilinigeuza mawazo. Silika ya mzazi ni kusema watoto kwanza, wakubwa baadaye. Lakini katikati ya mlipuko wanaowahi kujikinga ni wakubwa. Simaanishi mtoto aachwe. Aanzishwe siku hiyo hiyo, maana hata dozi ya kwanza si bure, ila usimtegemee yeye kuwa ukuta wa nyumba kabla ya mwezi na nusu.

Na yule wa miezi minne? Chini ya miezi sita hakuna chanjo ya mafua anayopewa. Kinga yake ni ya kuazima, kutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni tumbo la mama: mama akichanjwa akiwa mjamzito, kinga humfikia mtoto kabla hajazaliwa. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa chanjo ya mjamzito ilipunguza influenza kwa karibu nusu, kwa mama na kwa mtoto wake mchanga pia. Kwangu mimi meli hiyo ilikuwa imeshang'oa nanga, nilikwisha kujifungua. Kwa wifi ilikuwa bado iko gatini.

Sehemu ya pili ni watu wanaomzunguka. Wanaombeba, wanaombusu, wanaolala naye chumba kimoja katika hizi nyumba zetu za mawe zenye madirisha madogo. Kanada magharibi kuna jamii ya Wahutterite wanaoishi katika vijiji vya peke yao, kila kitu kwa pamoja, kama ungechukua kijiji kimoja cha Pate ukakizungushia ua. Watafiti waliwachanja watoto wa miaka 3 hadi 15 katika baadhi ya vijiji hivyo msimu wa 2008 na 2009. Watu wasiochanjwa walioishi na watoto hao walipata upungufu wa influenza wa 61%. Wale walichanjwa kabla ya msimu, siyo mafua yakiwa mlangoni, lakini funzo linasimama: sindano ya mmoja huingia kifuani mwa mwenziwe.

Kuchanja wote

Uzuri wake ni huo tuliokwisha kuuona, kila aliyechanjwa ni mlango mmoja uliofungwa. Na hakuna manung'uniko nyumbani.

Ubaya wake ni kwamba unalipia ngao yenye matundu. Miaka ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza hatari ya kuugua hadi kumpeleka mtu kwa daktari kwa takriban 40% hadi 60%. Miaka mingine hupungua chini ya hapo. Aliyechanjwa akaugua mara nyingi huugua kwa wepesi, lakini huugua. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia. Halafu kila mwaka ni kurudia, kwa sababu virusi hubadilika na kinga hufifia. Shirika la Afya Duniani hupanga upya mchanganyiko wa chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa nchi za kusi ya dunia. Kenya ikweta inapita katikati, na mafua hapa huzunguka karibu mwaka mzima, kwa hiyo uliza chanjo uliyoletewa ni ya msimu upi na inaisha muda lini.

Pia tofauti na surua, polio au pepopunda, chanjo ya mafua haimo katika zile za kawaida za bure za mtoto kwenye kitabu cha kliniki. Mara nyingi ni ya kulipia, kwa kichwa. Watu saba, ukimtoa wa miezi minne, ni watu saba.

Jambo moja ambalo sikuwahi kusikia likitajwa barazani: kabla hujatoa shilingi, fungua kile kitabu cha kliniki. Baadhi ya wanaokufa kwa mafua hawauliwi na virusi peke yake, bali na nimonia ya bakteria inayoingia mlango ukiwa umeshavunjwa. Chanjo ya nyumokokasi, mmojawapo wa bakteria waletao nimonia hiyo, imo katika ratiba ya Kenya tangu 2011, bure. Kilifi, kaunti ile ile yenye Malindi, watafiti waliofuatilia waligundua kwamba kwa watoto wa chini ya miaka mitano, maradhi makali ya aina za bakteria zilizomo katika chanjo hiyo yalipungua kwa 92%. Mtoto aliyeruka dozi hizo akipelekwa kwa sindano ya mafua ya kulipia, mzazi ameezeka paa akasahau mlango. Mwanangu wa kati alikuwa na pengo kitabuni. Niliona haya.

Kungoja

Sitaki kuidharau njia hii, kwa kuwa ndiyo iliyotulea. Tangawizi na ndimu hulainisha koo. Asali hutuliza kikohozi, ila si kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwake inaweza kuwa sumu. Kujifukiza majani ya mkilifi chini ya shuka mtu mzima ataamua mwenyewe. Mtoto msimfunike juu ya sufuria la maji ya moto, majeraha ya kuungua ni mabaya kuliko mafua. Hivi vyote humpa mgonjwa nafuu. Havimzuii mwingine kuambukizwa.

Vinavyozuia ni vile visivyo na ladha: kufungua madirisha, kunawa mikono kwa sabuni, barakoa kwa mwenye kikohozi, mgonjwa kulala chumba chake, na kuliahirisha hilo tamko la "mlete nimbusu". Hivi havigharimu pesa, vinagharimu adabu. Mwambie shangazi aliyekuja kutoka Faza asimbebe mtoto, uone.

Anayengoja hungoja pia kwa tumaini la dawa. Basi ajue mambo yalivyo. Antibaiotiki haiui virusi. Aspirini asipewe mtoto mwenye mafua kamwe, ina madhara ya ini na ubongo. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake inatosha kushusha joto. Ipo dawa ya virusi iitwayo oseltamivir, nayo hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili. Saa 48 kwa mtu wa Mkomani, hapa mjini Lamu, ni nyingi. Kwa mtu wa Kizingitini au Siyu, kule kisiwa cha Pate, ambaye boti yake ikitaka kupita mkondo wa Mkanda hungoja maji yajae, ni chache sana. Ndiyo maana ushauri wa kungoja hauna bei moja Lamu nzima: aliye karibu na hospitali anakopa muda kwa bei nafuu kuliko aliye kisiwa cha mbali.

Ukingoja, ngoja macho wazi. Mtoto anayepumua haraka (pumzi 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi akiwa na mwaka mmoja hadi mitano), anayebonyea mbavu akivuta pumzi, asiyeweza kunyonya wala kunywa, aliyelegea au aliyepata degedege, huyo si wa tangawizi tena. Mchukue hata usiku.

Sindano au ya kupuliza puani?

Huulizwa na jamaa walio Ulaya, wakituma picha za mtoto akipuliziwa puani bila kulia. Ya puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na hupewa kuanzia miaka miwili. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu hawapewi. Ya sindano ina virusi vilivyouawa au vipande vyake, kwa hiyo haiwezi kukupa mafua. Ukiugua siku tatu baada ya sindano, ama uliambukizwa kabla, ama una mafua madogo yasiyohusika.

Kwa Waislamu kuna la zaidi. Chanjo ya puani inayotumika Uingereza ina gelatini ya nguruwe. Wapo wanavyuoni wanaosema imeshageuka dhati yake, wapo wasiokubali, na huko wazazi wasioitaka hupewa watoto wao sindano isiyokuwa nayo. Usibishane gizani. Omba karatasi ya ndani ya pakiti usome viambato, au usomewe. Ni haki yako na haimchukizi muuguzi mwenye kuijua kazi yake.

Hofu za barazani, kwa haraka

Mkono kuuma na joto dogo kwa siku moja au mbili: kweli, ni kawaida. Mzio mkali wa ghafla: upo, takriban mtu mmoja katika milioni, ndiyo maana unaambiwa ukae robo saa kabla ya kuondoka. Ugonjwa wa kupooza wa Guillain-Barré: chanjo ya Marekani ya mwaka 1976 iliuleta kwa kiasi cha mtu mmoja wa ziada katika kila 100,000, ikasimamishwa, chanjo za siku hizi hukadiriwa mmoja au wawili katika milioni. Na chanjo moja ya mlipuko wa 2009, Pandemrix, iliwasababishia baadhi ya watoto wa Finland na Sweden ugonjwa wa kusinzia ghafla, nayo haitumiki tena. Ninayataja haya kwa sababu mzazi akiyagundua baadaye kwenye simu hudhani alifichwa. Kukosesha uzazi: hapana. Wajawazito wamekuwa wakidungwa chanjo hii miongo na miongo, nao wanazaa tu.

Jambo linalonitia mimi wasiwasi ni dogo na halina habari: baridi. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikigandishwa huharibika sawasawa na inavyoharibika ikipashwa moto. Imepanda gari, imepanda boti, jua la Lamu mnalijua. Uliza jokofu liko wapi na umeme ulipokatika ilikuwaje. Duka moja la dawa nilipouliza hivyo muuzaji alinuna, nikaondoka.

Nyumba tofauti, majibu tofauti

Mume na mke vijana wa Shela, wazima, wamefunga ndoa juzi: wakingoja sitawalaumu, isipokuwa kama mmoja anahudumia wageni au wagonjwa. Familia ya Malindi yenye babu wa miaka 70 anayejiandaa na Hija: babu achanjwe bila mjadala, na asichanganye mambo, ya homa ya uti wa mgongo ni miongoni mwa zile za lazima kwa Saudia, ya mafua ni ya kupendekezwa, zinaweza kuchomwa siku moja. Mama wa Kizingitini mwenye mtoto wa pumu: hapo ningechanja mapema kuliko mtu wa mjini, tena kabla ya mlipuko, kwa ajili ya ile Mkanda na maji yake.

Kwetu tulipanga hivi, pesa zikiwa hazitoshi wote saba kwa mara moja. Wa kwanza wifi, kwa kuwa sindano yake ilikuwa ya watu wawili. Wa pili mama mkwe, aliyekubali baada ya kuambiwa na binti yake, siyo na mimi. Wa tatu mimi, kwa kuwa ndiye ninayenyonyesha na kulala na mtoto. Wa nne shemeji wa Shela, mlango wetu mkubwa wa kuingilia maradhi. Wa miaka mitatu akaanza dozi ya kwanza siku hiyo hiyo, na kitabu chake cha kliniki kikazibwa pengo. Wa miaka minane akangoja mwisho wa mwezi. Mume wangu, mzima kama jahazi jipya, akawa wa mwisho kabisa, na katika nyumba nzima ndiye pekee aliyelala kutwa akilalamika mkono.